UZI: Mwalimu wa Norwei aliyepoteza kazi mara mbili kwa kuandika gazetini, mpaka leo watoto wanaimba mbuzi wake

Mtoro wa Baridi:

Wakuu habari za jioni. Leo sina siasa wala mpira, nina stori ya mtu aliyekufa zamani sana, mwenye haraka apite tu asije akaniambia uzi mrefu.

Mimi niko Norwei mwaka wa sita sasa, naendesha basi. Binti yangu ana miaka minne yuko chekechea. Siku moja mwezi wa kwanza natoka kumchukua, theluji imefika magotini, namvuta kwenye kile kigari chao cha kuteleza, na yeye huko nyuma anaimba njia nzima "Blåmann, Blåmann, bukken min". Sasa Kinorwei changu mimi ni cha kuulizia tiketi, ila najua blå ni buluu na mann ni mtu. Nikamuuliza binti, mama, huyu mtu wa buluu ndo nani? Akanicheka yule mtoto. Ni mbuzi, baba.

Kumbe ni dume la mbuzi linaitwa Blåmann, na anayeimba ni kijana mdogo mchungaji, anamwambia mbuzi wake we Blåmann nifikirie na mimi kijana wako, dubu anaweza kukubeba saa ambayo hata hujui. Basi ndo mwanzo wa wimbo. Nikasimama pale kwenye theluji kama mjinga. Mimi nimekulia kijijini Mpwapwa huko nimechunga mbuzi mpaka darasa la saba, ile hofu naijua kwa jina, jua linazama unahesabu mara ya kwanza wako 31, unahesabu tena 31, na asubuhi ulitoka na 32. Huyu aliyeandika hivi hajasimuliwa, huyu alichunga.

Nikamuuliza mwalimu wa pale chekechea nani katunga, akaniambia Vinje, kama vile mtu amuulize mtu wa Tanga Shaaban Robert ni nani. Nikaanza kusoma usiku baada ya shifti. Nawaletea.

Jina kamili ni Aasmund Olavsson Vinje. Kazaliwa tarehe 6 mwezi wa nne 1818 kijiji kinaitwa Vinje, mkoa wa Telemark, milimani huko. Olavsson ni mtoto wa Olav tu, na Vinje ni kwao, maana enzi hizo mtu wa kijijini alijulikana kwa baba yake na mahali anapokaa. Baba yake hakuwa na ardhi. Alikuwa anakaa kwenye kijipande cha shamba la mtu, kodi analipa kwa kwenda kumfanyia kazi mwenye shamba. Na nyumba yao ilikuwa inaitwa Plassen, yaani kama ukisema "Kiwanjani", hata jina la maana haikupewa. Ila mzee alikuwa anasoma kila karatasi inayopita mbele yake na vimashairi anatunga mwenyewe. Mama akafariki kijana akiwa bado mdogo.

Kazi yake ya kwanza ya maana ni ualimu. Sasa ualimu wa kule vijijini wakati ule ni kitu kingine wakuu, shule kama jengo hakuna. Mwalimu ndo anazunguka. Anaingia nyumba ya mkulima fulani wiki hii, watoto wa jirani wanakusanyika pale sebuleni, anafundisha kusoma na katekisimu, analala hapohapo na kula hapohapo, wiki ijayo anabeba vitu vyake anaenda shamba lingine. Mpaka sheria ya 1860 ndo ikaja kulazimisha vijijini wawe na shule za kudumu.

Ntaendelea, nina shifti saa kumi na moja alfajiri.

ticha_wa_bush:

Mkuu umenigusa. Mwalimu analala kwa mzazi wa mwanafunzi, sasa mtoto wa huyo mzazi akifeli unamwambiaje babake mezani wakati ugali wake ndo unao mkononi

Kipepeo wa Nakuru:

Hao wa kulipa kodi na jasho huku kwetu tuliwaita maskwota. Babu yangu alikuwa hivyo kwa shamba la mzungu wakati wa ukoloni. Sikujua kuna wazungu walifanyiana hii kitu wao kwa wao. Endelea msee tunasoma.

Kasuku Mweusi:

Weka muhtasari

Mama Chanja:

@Kasuku Mweusi kaambiwa apite mapema bado kakaa mlangoni 😂

Mtoro wa Baridi:

Nimerudi. @ticha_wa_bush subiri sehemu hii ni yako.

Baada ya kuzunguka na kufundisha akaenda chuo cha ualimu Asker, karibu na mji mkuu, miaka ya 1841 mpaka 1843 hivi. Alipomaliza akapata kazi mji wa Mandal, kusini kabisa pwani, shule ya mjini sasa, ana mshahara, ana paa. Mtu wa kawaida hapo angetulia. Yeye akaanza kuandika kwenye gazeti la mkoa anaikosoa shule, shule hiyohiyo inayomlisha. 1848 kazi ikaisha.

Umri miaka 30, hana kazi, hana shamba la kurudi. Unajua alifanya nini? Akapanda kwenda mji mkuu, wakati ule unaitwa Christiania, akajiandikisha kusoma upya. Kulikuwa na shule ya mzee mmoja Heltberg, watu walikuwa wanaiita kiwanda cha wanafunzi, inachukua watu wazima waliochelewa inawapika haraharaka kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Na kwenye hicho kiwanda akakutana na kina nani, Henrik Ibsen yule wa maigizo, na Bjørnson aliyekuja kuchukua Nobeli 1903. Hao ni vijana wamezaliwa 1828 na 1832, huyu baba mzima kakaa nao dawati moja. Akafaulu 1850, ana miaka 32. Mwaka unaofuata yeye na Ibsen na mwenzao Botten-Hansen wakaanzisha gazeti la kila wiki la kuchekesha na kuchoma, halikumaliza hata mwaka, likafa kwa kukosa wasomaji. Sheria nayo akasoma, akamaliza 1856.

Kitu kikubwa alichofanya lakini ni cha lugha, na hapa naomba mnivumilie.

Norwei ilitawaliwa na Denmaki kama miaka mia nne, ikatoka 1814 ikawekwa kwenye muungano na Uswidi mpaka 1905. Miaka yote hiyo ya Denmaki lugha ya kuandika ni Kidenmaki. Kanisani Kidenmaki, mahakamani Kidenmaki, shuleni Kidenmaki. Watu vijijini wanaongea vilugha vyao vya Kinorwei nyumbani, na kila bonde lina chake, ila mtoto akishika kalamu anaandika lugha ya mtu mwingine. Sasa akatokea jamaa anaitwa Ivar Aasen, naye mtoto wa mkulima, naye alianza kama mwalimu wa kuzunguka akiwa na miaka 18 tu, naye mshairi. Akatembea nchi nzima miaka ya 1840 anaokota maneno midomoni mwa wakulima, akatoa sarufi 1848 na kamusi 1850, akasema hii hapa, hii ndo lugha yetu ukiunganisha mabonde yote.

Aasen alikuwa mtu mtaratibu wa kukaa na vitabu vyake. Kamusi kaitoa, nani sasa aiandikie habari za kila siku? Vinje mwanzoni hakuwa na imani sana na hiyo lugha. Ila tarehe 10 mwezi wa kumi 1858 akatoa toleo la kwanza la gazeti lake, kwa lugha hiyo mpya ya vijijini, na akaliita Dølen. Døl ni mtu anayetoka mabondeni. Kwa sikio la mjini hilo neno linasikika hivi: Mshamba. Yaani jamaa kasomea sheria, yuko katikati ya mji mkuu, kaanzisha gazeti kaliita Mshamba!

Karibu lote analiandika mwenyewe. Siasa, safari, mashairi, kugombana na watu. Linasimama hela zikiisha, linaanza tena zikipatikana, hivyohivyo mpaka 1870.

ticha_wa_bush:

Mkuu hiyo ya Mandal imenichoma. Miaka minne iliyopita niliandika kwenye grupu la wasapu la wazazi kwamba chaki tunanunua kwa hela zetu. Sentensi moja tu. Jumatatu nina barua ya kujieleza mezani. Nilijieleza kurasa mbili nikaomba radhi, nina watoto watatu. Huyo mwenzangu alikuwa na watoto?

Mtoro wa Baridi:

Hakuwa nao wakati huo, alikuwa kapera. Nitafika huko, na sio sehemu ya kufurahisha.

fundi spika:

Mimi naomba kujua hiyo lugha ilishinda au ilikufa

Mtoro wa Baridi:

@fundi spika ilishinda nusu. Mwaka 1885 bunge lao likapitisha kwamba hiyo lugha ya vijijini na ile yenye asili ya Kidenmaki ziwe na hadhi sawa. Vinje hakuiona hiyo siku, alishakufa miaka 15. Sa hivi inaitwa nynorsk na ile nyingine bokmål. Wanaoandika nynorsk ni wachache, kwa watoto wa shule ni kama mmoja kati ya kumi hivi, zaidi upande wa magharibi. Ila kila mwanafunzi lazima asome zote mbili, na watoto wa mjini wanalalamika kama wetu wanavyolalamikia hesabu. Mtaani hakuna anayeongea bokmål wala nynorsk, kila mtu anaongea cha kwao, hata waziri anahojiwa kwenye runinga anamwaga kilugha cha bondeni kwao hana habari. Abiria wangu ndo wanavyonitesa hivyo, darasani nilifundishwa kitu kingine kabisa.

Mama Chanja:

Hapo wametuzidi. Huku mtu akitoa lafudhi ya kwao kwenye mkutano watu wanabana vicheko

Kipepeo wa Nakuru:

Swali lingine. Hilo neno Blåmann, nina cousin yuko Bergen aliniambia kitambo lilikuwa jina la kuita watu weusi. Sasa binti yako anaimba nini hapo?

Mtoro wa Baridi:

Nilikuwa nasubiri nani ataliuliza 😄 Ni kweli. Kwenye Kinorwei cha kale, enzi za mabaharia wao wa Vikingi, blåmann ni mtu mweusi, Mwafrika. Maana blå zamani haikuwa buluu tu, ilikuwa rangi yoyote ya kiza, hata weusi wa kunguru. Ila kwa mbuzi huku ni rangi ya manyoya, kuna mbuzi wana ule ukijivu unaoelekea buluu, kama sisi tunavyosema mbuzi wa kijivu, na jina linatokana na hapo. Nilivyojua mara ya kwanza nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamsikia binti anamwimbia mwanasesere wake anamfunika blanketi asibebwe na dubu, hasira zikaniisha. Kila mtu ana msimamo wake, wangu ndo huo.

Kasuku Mweusi:

Haya nimesoma yote. Mashairi yako wapi? Uzi wa mshairi hauna shairi

Mtoro wa Baridi:

Safi kasuku, karibu ndani.

1860 mfalme mpya alikuwa anavishwa taji mji wa Trondheim, kaskazini, tarehe 5 mwezi wa nane. Vinje akaamua aende akaripoti, na sehemu kubwa ya njia akaipiga kwa miguu. Akatoa kitabu cha hiyo safari. Sasa ukikisoma, mfalme yumo kidogo sana, kilichojaa ni wakulima aliokutana nao, wanakula nini, vitanda vyao vina kunguni au havina, nani mvivu, nani kamdanganya. Kaenda kuripoti taji karudi na habari za uji. Hapo ndo nilimpenda.

Katikati ya safari anafika milima inaitwa Rondane na hapo anatoa shairi ambalo wazee wa huku wanalijua kwa moyo. Kwa Kiswahili changu cha dereva: naona tena milima na mabonde kama yale niliyoyaona ujanani, upepo uleule unanipoza joto la paji la uso, na dhahabu iko juu ya theluji kama ilivyokuwa. Halafu anasema ni lugha ya utotoni inayomsemesha. Hiyo dhahabu juu ya theluji nilidhani ni urembo wa washairi tu. Mwezi wa tatu nikapelekwa ruti ya huko juu, saa moja asubuhi jua linagusa kilele, nikaegesha basi kituoni dakika mbili zaidi ya ratiba. Ni dhahabu kweli.

Milima mikubwa kuliko yote huku, ile yenye kilele cha mita 2,469, leo inaitwa Jotunheimen, nyumbani kwa majitu. Jina hilo kalitunga yeye. Mtoto wa Kiwanjani, asiye na kiwanja, ndo kaipa jina ramani ya nchi! Alijenga na wenzake kibanda huko kando ya ziwa, sa hivi sanamu yake ipo palepale.

Alikuwa na neno lake, tvisyn, kuona kuwili. Alisema ni kukiona kitambaa cha maisha kwa mpigo mmoja, upande wa juu na upande wa ndani wenye nyuzi zinaning'inia, jicho moja linalia lingine linacheka. Ndo maana watu walikuwa hawamuelewi, leo anasifia kitu kesho anakichana, walimuona kigeugeu. Mimi pia kuna sehemu namuona kigeugeu, sio lazima tumtetee kila mahali.

Alikwenda Uingereza na Uskoti 1862, akaandika kitabu kwa Kiingereza kabisa anawasema Waingereza, kikachapwa Edinburgh 1863. Yaani kaenda nyumbani kwa watu, kawasema kwa lugha yao, na wao wamemchapishia.

1865 akapata kibarua serikalini, karani wizara ya sheria. Mkate umepatikana sasa. Ila kulikuwa na mjadala wa kurekebisha muungano na Uswidi, na yeye kwenye Mshamba lake akaandika anaupinga. 1868 wakamtoa. @ticha_wa_bush mara ya pili hiyo, na kosa lilelile.

ticha_wa_bush:

Huyu mtu alikuwa anaumwa

fundi spika:

Au sisi ndo tunaumwa ticha

ticha_wa_bush:

Wewe ni fundi spika, boss wako ni spika. Niache.

Mtoro wa Baridi:

Sehemu ya mwisho. 1869, ana miaka 51, ndo anaoa. Mke anaitwa Rosa. Mwaka unaofuata, mwezi wa nne, Rosa anajifungua mtoto wa kiume na anafariki kwa uzazi. Vinje mwenyewe wakati huo tayari ana saratani ya tumbo. Mwezi wa saba akajikongoja kwenda Gran, huko Hadeland, kwa marafiki, akafia huko tarehe 30. Miaka 52. Kazikwa palepale Gran, kando ya makanisa mawili ya mawe ya zamani yaliyosimama ubavu kwa ubavu, wenyeji wanayaita Makanisa Ndugu. Mtoto alibaki na miezi mitatu hivi.

Mama Chanja naona umenyamaza.

Miaka kumi baadaye, 1880, Edvard Grieg, yule mtunzi wao mkubwa wa muziki, akakutana na mashairi ya Vinje, akatungia muziki mashairi kumi na mbili kwa mpigo. Moja linaitwa Våren, majira ya kuchipua. Mtu anasema nimejaliwa tena mara moja kuuona msimu wa baridi ukikimbia. Hiyo "tena mara moja" ndo yote, hajui kama kuna nyingine. Mwishoni anasema filimbi aliyoichonga ilisikika kama inalia. Grieg baadaye akalitoa maneno likabaki na vinanda vya nyuzi peke yake, na hivyo ndo dunia inavyolijua.

fundi spika:

Naithibitisha hiyo. Kuna mteja alileta spika mwaka jana akanipa flashi nijaribie, wimbo wa kwanza ni vinanda vinapanda polepoleee halafu vinarudia tena chini sana kama mtu anaogopa kuamsha mgonjwa. Nilizima feni nisikilize. Nimeutafuta yutyubu sasa hivi kwa jina ulilotoa, ndo wenyewe. Nilikuwa sijui una maneno.

Mama Chanja:

Sijanyamaza nilikuwa napika. Huyo Rosa jamani, mwaka mmoja tu wa ndoa. Mimi nafanya kliniki ya mama na mtoto, hiyo sehemu nimeisoma mara mbili. Turudi kwa mbuzi tafadhali.

ticha_wa_bush:

Ndio turudi kwa mbuzi. Nina darasa la nne, kesho nina kipindi cha ushairi na kitabu kina shairi la kutunza mazingira ambalo hata mimi linanisinzisha. Nataka niwape hilo. Nimejaribu:

Samawati mbuzi wangu
mkumbuke wako mwana
dubu asikukwapue
saa usiyodhania

Kasuku Mweusi:

Mizani nane nane safi. Vina hakuna

ticha_wa_bush:

Vina lete wewe

Kipepeo wa Nakuru:

Lakini original si ni dume? Andika beberu wangu. Sa-ma-wa-ti be-be-ru wa... hapana inazidi moja

Mama Chanja:

Jamani beberu na barua moja ya kujieleza anayo tayari. Watoto wakaimbe "beberu wangu" mbele ya mkaguzi 😂😂😂

Mtoro wa Baridi:

😂 Vinje angeiandika hivyohivyo na kazi angepoteza mara ya tatu

fundi spika:

Ticha na huyo dubu, watoto wa huko kwenu wanamjua dubu? Weka fisi, silabi ni zilezile

ticha_wa_bush:

Fi-si a-si-ku-kwa-pu-e. Nane. Nimebadilisha. Nusu ya darasa wanachunga mbuzi jioni, na wiki iliyopita fisi kaingia zizi la mmoja wao.

Mtoro wa Baridi:

Binti kaniuliza hapa nacheka nini, nimemuimbia hiyo yako. Kasema dubu arudishwe.